Bibi, mwavuli na joka: kuenzi jalada la fantasia kwa katuni

"Nachora katuni kwa mwaka wa tatu sasa. Nina riwaya ya zamani ya fantasia ambayo jalada lake limenikaa kichwani tangu utotoni: shujaa kifua wazi amesimama juu ya rundo la mafuvu, upanga juu, mwanamke amekumbatia mguu wake, joka limejikunja nyuma yao na anga ni jekundu kama kaa la moto. Nimetaka kuienzi picha ile kwa kumweka mhusika wangu, bibi mfupi mnene mwenye miwani, pamoja na paka wake. Upanga nimeufanya mwavuli. Nilipiga miraba, nikanakili kila kitu msuli kwa msuli, fuvu kwa fuvu, jioni nne nzima. Joka nimelivalisha miwani ya jua, mafuvu yanatafuna pipi, mawingu yana nyuso. Matokeo yamepooza. Rafiki mmoja hakuitambua kabisa picha ya asili, na mwingine kaniambia nimeiba. Je, ni mkono wangu? Niiweke karatasi juu ya kioo chenye taa nifuatishe, ili ifanane zaidi? Na ni kweli kwamba nikibadilisha asilimia 30 hakuna wa kunidai? Ningependa baadaye kuichapisha kwenye fulana."

Nianze na linalokuuma. Mkono wako hauna kasoro. Mtu anayeweza kukaa jioni nne akinakili mafuvu kwa miraba ana subira ambayo wachora katuni wengi, mimi nikiwa mmoja wao, hatujawahi kuwa nayo. Shida ni kwamba umenakili nyama ukaiacha mifupa. Na wale rafiki zako wawili wanaoonekana kupingana, kwa kweli wanasema jambo moja. Wa kwanza hakuitambua picha kwa sababu umbo lake kuu limepotea. Wa pili ameona vipande vingi vilivyochukuliwa vilevile, na hakuona wewe umeongeza nini cha kwako. Kufuatisha juu ya kioo chenye taa kutamfanya wa pili azidi kuwa sahihi, na wa kwanza hutamsaidia hata kidogo.

Fumba macho uliwaze jalada lile. Sidhani utakumbuka mafuvu yalikuwa mangapi, wala mkanda wa shujaa ulikuwa na vifungo gani. Utakumbuka mlima mweusi unaopanda hadi kwenye ncha ya upanga, mkia wa joka ukizunguka, na wekundu. Haikutokea hivyo kwa bahati. Majalada ya riwaya hizo ndogo, zenye upana wa sentimita 11 na urefu wa 18 hivi, yalichorwa ili yamkamate mtu anayepita mbele ya rafu akiwa na haraka zake. Mchoraji alikuwa na sekunde chache tu za kumsimamisha. Kwa hiyo kila kitu ndani ya picha kilipangwa kitii umbo moja kubwa, na umbo hilo ndilo ulilokaa nalo tangu utotoni.

Hapa kuna jambo ambalo ningetamani kila anayependa picha hizi alijue. Mkao wa mbabe juu ya rundo, mwanamke mguuni, ulipata umaarufu mkubwa kupitia Frank Frazetta, Mmarekani aliyezaliwa 1928 na kufariki 2010, na hasa jalada moja alilolichora mwaka 1966. Waliomfuata waliurudia mkao huo mpaka ukawa kama sare ya fantasia. Lakini kabla ya rangi za mafuta, Frazetta alikuwa mchora katuni. Alifanya kazi miaka mingi akiwa msaidizi kwenye katuni ya magazetini, na hata mlango wa mabango ya filamu ulimfungukia kupitia mzaha: mwaka 1964 alichora kikaragosi cha Ringo Starr, mpiga ngoma wa bendi ya Beatles, kwenye jalada la nyuma la jarida la vichekesho la Mad, watengenezaji wa filamu wakakiona, wakamtafuta. Ukizitazama picha zake ukilijua hilo, utaona. Vichwa vidogo, mikono kama mizizi ya mbuyu, kiuno kilichobebeshwa uzito wote upande mmoja. Hakuna binadamu wa namna hiyo. Ile ni katuni iliyovalishwa rangi za mafuta. Kwa hiyo huhitaji kuigeuza picha ya dhati kuwa katuni. Unahitaji kuivua, uikute katuni iliyokuwemo tangu mwanzo.

Basi tuivue. Chukua jalada, liweke mbali mita mbili au tatu, kisha kaza macho nusu kama mtu anayetazama jua. Maelezo madogo yatayeyuka na yatabaki mabaka matatu au manne: giza, mwanga, na kitu cha katikati. Chora mabaka hayo tu, kwenye kisanduku kisichozidi urefu wa sentimita sita, kwa penseli nene au kalamu ya ncha nene ambayo haikuruhusu kuchora vidole hata ukitaka. Usipige mstari wa nje, jaza maumbo. Fanya vijipicha sita vya namna hiyo, kila kimoja dakika tano. Kisha mwoneshe yule rafiki wa kwanza, ambaye hakuitambua picha yako, bila kumwambia chochote. Akisema "aah, hili ni lile jalada lako", umepata mifupa. Asipotambua, usiendelee mbele, kwa sababu hakuna wino utakaoleta baadaye kile kilichokosekana hapa.

Angalia pia karatasi yako. Nadhani ulichora kwenye A4, kwa sababu karibu kila mtu hufanya hivyo. Ukilinganisha upana na urefu wake, A4 ni pana kuliko kitabu kile. Ukiijaza yote, pembetatu ya shujaa inabonyea na kuwa chungu kilichopinduliwa, na ule mwinuko uliokusisimua utotoni unapotea bila wewe kujua umeenda wapi. Piga fremu ya sentimita 18 kwa 29.5 ndani ya karatasi hiyohiyo, na pembeni acha nyeupe. Halafu kumbuka kwamba sehemu ya juu ya picha ya asili karibu hakika ilikuwa tupu kwa makusudi, kwa sababu jina la kitabu lilipaswa kukaa hapo. Utupu ule ndio unaoupa upanga hewa ya kupanda. Wewe umeujaza mawingu yenye nyuso. Yafute.

Sasa tufike kwenye kiini cha tatizo lako la kitaalamu, ambacho sidhani umekishuku: bibi yako hawezi kuusimama mkao ule.

Fanya hesabu. Shujaa wa jalada ana urefu wa vichwa vinane au tisa, yaani kichwa chake kinaingia mara nane au tisa toka utosini hadi unyayoni. Mikono yake ni mirefu, na akinyoosha mmoja juu, kiwiko tu kinafika usawa wa utosi au kuupita. Bibi yako mfupi mnene, kama ni wa katuni za kawaida, ana vichwa vitatu, labda vitatu na nusu. Kichwa kikubwa, mikono mifupi. Mwambie anyooshe mkono juu: kiganja kinaishia sikioni, nyuma ya nywele. Mwavuli unaanzia nyuma ya kichwa badala ya kupaa juu yake. Ukijaza mwili wake wote weusi, mkono hauonekani kabisa, unaona boga lenye fimbo. Wewe ulinakili pembe za viungo kwa usahihi kutoka kwa shujaa, na usahihi huohuo ndio ulioua picha, kwa sababu pembe ileile kwenye mwili mwingine inatoa umbo lingine.

Kinachotakiwa kubaki vilevile ni mahali pa ncha. Weka alama kwenye fremu pale ncha ya upanga ilipokuwa, pale miguu ilipokanyaga, na pale mkunjo wa mkia wa joka ulipogusa ukingo. Hizo alama tatu ndizo mkataba wako na mtazamaji. Kati yake una uhuru wote. Unaweza kumrefusha mkono bibi bila aibu, katuni hairuhusu tu jambo hilo, inalitegemea. Unaweza kuurefusha mwavuli uwe mara moja na nusu ya mwili wake, jambo ambalo tayari linachekesha. Unaweza kuinua rundo, bibi akawa mdogo na mlima ukawa mkubwa, na hapo ufupi wake unageuka kuwa hoja badala ya kuwa kikwazo. Au umgeuze kichwa upande, kidevu juu, ili bega lifunguke na mkono upate njia ya kupita. Mimi ningechanganya ya kwanza na ya tatu. Mwavuli mrefu mno ningeuacha, maana unaanza kuonekana kama mkuki na mtu anasahau ni mwavuli.

Kabla ya kuchora viungo, piga mstari mmoja uliopinda toka kisigino cha nyuma hadi ncha ya mwavuli. Mmoja tu, kwa pumzi moja. Kila kitu cha bibi, gauni, mgongo, hata pindo la shali, kiufuate. Wachoraji wa majalada yale walipenda kulaza uzito kwenye mguu mmoja na kusukuma nyonga nje, ndiyo maana mashujaa wao wanaonekana wamepanda mlima na bado wanahema. Bibi mnene akisukuma nyonga nje namna hiyo ana heshima ya ajabu. Mwache awe nayo.

Kuhusu mstari. Mchoraji wa rangi za mafuta hana mstari. Anatenganisha kitu na kitu kwa tofauti ya mwanga na giza, na mara nyingi anaacha makusudi mpaka upotee: miguu ya shujaa inazama kwenye giza la rundo na huwezi kusema nyama inaishia wapi na jiwe linaanzia wapi. Ndipo siri ya picha zile ilipo. Wewe ulipofika hapo ukiwa na kalamu, ulifanya kile ambacho kalamu inakualika ufanye. Ulizungushia kila kitu mstari wa unene mmoja, fuvu la mbele na wingu la mbali. Jicho likakosa pa kuanzia. Likachoka.

Badala ya mpaka uliopotea, katuni ina weusi wa kumwaga. Chagua maeneo mawili au matatu, sehemu ya chini ya rundo, upande wa kivuli wa gauni, tumbo la joka, uyajaze wino mtupu yaungane bila mstari kati yake. Usiogope, weusi huo ndio unaobeba uzito wa rangi za mafuta. Kwenye upande wenye mwanga tumia mstari mwembamba, na mahali pengine uuache ukatike kabisa. Upande wa kivuli na vitu vya mbele, mstari mnene. Na joka, kwa kuwa lipo nyuma, usilipe mstari mweusi hata kidogo, lipigie mistari ya zambarau nzito au ya kahawia. Litarudi nyuma lenyewe, kama milima inavyofifia kwa umbali. Ukifanya kazi kwenye kompyuta au tableti hilo ni suala la kubadilisha rangi ya tabaka moja. Ukifanya kwa mkono, hakikisha wino wako hauyeyuki kwa maji kabla hujapitisha brashi ya rangi juu yake. Jaribu kwenye kipande cha pembeni kwanza, usiniulize nimelijuaje hili.

Mzaha sasa. Nimehesabu kwenye maelezo yako: mwavuli, paka, miwani ya jua, pipi, nyuso za mawingu. Vichekesho vitano vinapiga kelele kwa pamoja na hakuna kinachosikika. Hali hii hutokana na hofu ya kawaida sana, kwamba mtu hatacheka, basi tumwongezee. Lakini mzaha wa aina hii unaishi kwa pengo lililopo kati ya ukuu wa picha na udogo wa kilichowekwa ndani yake. Joka likivaa miwani ya jua, ukuu umeshuka na pengo limeziba. Joka linapaswa kutisha kwelikweli, litishe kuliko lilivyotisha kwenye jalada. Mafuvu yawe mafuvu. Anga liwe siku ya kiama. Na katikati ya hayo yote, bibi na mwavuli wake, uso mkavu, kama mtu ambaye ameshayaona makubwa kuliko haya.

Wachoraji wenyewe wa majalada walilijua hilo. Boris Vallejo, mzaliwa wa Peru aliyejaza rafu za vitabu kwa mashujaa wenye misuli inayong'aa, alichora bango la filamu moja ya vichekesho ya mwaka 1983 ambapo baba wa familia wa kawaida kabisa amewekwa kwenye mkao wa shujaa. Alilipaka rangi kwa bidii ileile aliyoitumia kwa mashujaa wake. Hakuna mahali brashi inakonyeza. Ndiyo maana linachekesha.

Katika vichekesho vyako vitano ningebakisha viwili, mwavuli na paka. Paka ndiye johari ya picha yako na sijui kama umelitambua hilo. Yule mwanamke wa mguuni sijawahi kumpenda, nikiri. Miaka yote hii amekaa pale kama pambo, hana kazi, hana uso unaokumbukwa. Ukimwondoa ukamweka paka aliyekumbatia mguu wa bibi kwa makucha yote manne, macho yamemtoka, umefanya mambo mawili kwa mpigo. Umetunza umbo, kwa sababu pembetatu ilihitaji kitu cha kuijaza pale chini. Na umeisema picha ya asili, umeichokoza pale penye udhaifu wake, kwa sababu paka anayeng'ang'ania mguu ana sababu na mwanamke yule hakuwahi kupewa. Huko ndiko kuenzi kwa mtu mwenye macho. Kusifia kila kitu bila kuchagua ni kumpaka mchoraji mafuta kwa mgongo wa chupa.

Rangi nitaipitia haraka. Usinyonye rangi kutoka kwenye picha ya jalada uliyoipiga kwa simu. Kitabu cha zamani kimepauka, taa ya chumba imeongeza umanjano, na eneo unaloliona jekundu kwenye rangi za mafuta ni mchanganyiko wa madoa mengi, kwa hiyo ukigusa nukta moja utapata tope. Kaza macho, ujiulize rangi gani inatawala, kisha chagua tano tu: nyekundu ya anga na nyekundu nzito ya kivuli chake, kahawia ya rundo, rangi ya ngozi iliyochanganywa na wekundu huo kwa kuwa bibi amesimama ndani ya mwanga wa moto, na moja ya baridi, kijani au bluu, ambayo hutaitumia popote isipokuwa kwenye mwavuli. Kila eneo lipate hatua mbili, penye mwanga na penye kivuli. Wengi hapa ndipo wanapokula ng'ombe mzima wakashindwa na mkia: katuni imesimama vizuri kwa wino, kisha wanaanza kulainisha kila shavu kwa rangi zinazofifia taratibu ili ifanane na mafuta. Itafanana na plastiki. Ukitaka kuichapisha, skani wino kwa dipiai 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi; kwa rangi, dipiai 300 zinatosha.

Sasa ile asilimia 30. Hakuna sheria ya namna hiyo. Nimeisikia ikitajwa kuwa 10, 20, 30, mpaka 40, na wote wanaoitaja wameambiwa na mtu. Mahakama hazipimi ulichobadilisha kwa asilimia. Huuliza umechukua nini, kina uzito gani katika kazi ya asili, na umekitumia kwa kusudi lipi. Pia uzee wa kitabu usikudanganye. Mkataba wa kimataifa wa Berne unaweka muda wa chini wa hakimiliki kwa kazi nyingi kuwa maisha ya muumba na miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingi zimeongeza hadi 70. Mchoraji aliyefanya kazi miaka ya 1960 au 1970 kazi zake kwa uwezekano mkubwa bado zina mwenyewe. Kuandika jina lake pembeni ni adabu, na nakusihi ulifanye, "kwa heshima ya fulani" chini ya sahihi yako, lakini adabu si ruhusa. Jina lake lisakwe kwenye ukurasa wenye taarifa za uchapishaji ndani ya kitabu, au kwenye kona ya picha. Mara nyingine sahihi imefichwa nusu na ukingo.

Kwa upande wa pili, usiogope kupita kiasi, kwa sababu mzaha una ulinzi wake sehemu nyingi. Kisa kimoja kinakuhusu moja kwa moja. Mwanzoni mwa 2011, mwanasiasa mmoja wa Ubelgiji aligawa kalenda zenye mchoro ulioiga jalada la albamu ya katuni ya mwaka 1961, na warithi wa mchoraji wakashtaki. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa tafsiri yake Septemba 2014: kazi ya mzaha inapaswa kuikumbusha kazi ya asili, iwe na tofauti inayoonekana, na iwe na ucheshi au dhihaka. Haikudai kwamba mzaha lazima uielekee kazi yenyewe. Lakini ilisema pia kwamba haki za pande mbili zipimwe, na kwamba warithi wana maslahi halali ya kutotaka kazi yao ihusishwe na ujumbe wa kibaguzi, jambo lililolalamikiwa katika kesi ile. Uingereza nayo iliruhusu katuni za kejeli na mizaha ya namna hiyo kuanzia Oktoba 2014, mradi matumizi yawe ya haki.

Marekani wanapima tofauti. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 1994, kazi inayoichokoza kazi ya asili yenyewe iko mahali salama zaidi kuliko inayoiazima tu ili kuchekesha kuhusu jambo lingine. Kisha 2023 mahakama hiyohiyo iliamua dhidi ya taasisi ya msanii Andy Warhol katika shauri la picha ya mwanamuziki Prince, iliyotokana na picha ya mpigapicha Lynn Goldsmith. Mtindo mpya peke yake haukutosha, kwa sababu picha mpya ilikuwa imeruhusiwa kwa malipo itumike kwa kazi ileile ambayo ya asili ingeifanya, yaani kumwonesha Prince kwenye jarida. Unaona sasa kwa nini nimeng'ang'ania paka. Paka ana hoja juu ya picha ya asili. Pipi kwenye mafuvu hazina.

Kwa hiyo nikuambie ninavyopima hatari yako. Katuni iliyojengwa upya toka kwenye mifupa, yenye mwili wako, mistari yako na mzaha unaoongea na jalada, ukiionesha kama kazi yako ya kuenzi, hiyo ningelala usingizi. Hata hivyo kutouza si kinga kamili, ni jambo moja tu linalopunguza uzito. Ile ya sasa, iliyonakiliwa fuvu kwa fuvu, nisingeitoa nje ya daftari, iwe ya kuuza au ya bure. Fulana ni habari nyingine kabisa, kwa sababu picha za majalada mashuhuri huuzwa kwenye fulana na wenye haki, na wewe utakuwa umeweka meza yako mkabala na yao. Hapo usitegemee maneno yangu wala ya mtu yeyote asiyeiona picha. Mtafute wakili wa hakimiliki wa nchi unayouzia, au ofisi ya hakimiliki, uende na karatasi mbili mkononi, jalada na katuni yako, azitazame pamoja. Kabla ya hapo mwandikie mwenye haki barua fupi ya kuomba ruhusa. Mwenye haki anaweza kuwa mchoraji au warithi wake badala ya mchapishaji, kwani wapo wachoraji waliouza haki ya kuchapisha jalada tu wakabaki na picha yao. Na kwa vyovyote vile, usiige herufi za jina la kitabu wala nembo ya mchapishaji. Hizo zinaweza kulindwa kama alama za biashara, na sheria yake ni nyingine.

Kuna msaada mwingine wa ana kwa ana ambao ungekufaa hata kama hutauza chochote. Kama vijipicha vimekubali lakini bibi bado anaonekana anaanguka nyuma, nenda kwenye darasa lolote la kuchora mtu aliyesimama mbele yenu, hata mara mbili tatu tu, au umwombe ndugu asimame juu ya kiti imara ashike mwavuli juu huku wewe ukitazama uzito unakaa mguu gani. Na kama kuna mtu karibu anayetia wino vizuri, kaa pembeni yake saa moja umtazame mkono. Kasi ya brashi na mahali pa kupumua siwezi kukueleza kwa maandishi.

Ile ya jioni nne usiichane. Ibandike ukutani uone mafuvu uliyoyachora kwa bidii, maana utayahitaji mawili matatu kwa mbele kabisa, yaliyobaki yawe weusi mtupu. Kisha anza vijipicha sita, weka alama zako tatu kwenye fremu, mrefushe bibi mkono. Na paka, nakuomba, asitabasamu.